Mstari Uliokosa Mwenzake

Tani za dagaa wa Ziwa Victoria unazozisikia kwenye hotuba na kuzisoma magazetini hazikupita kwenye mizani. Zimezidishwa. Tangu mwaka 2000 Tanzania, Uganda na Kenya zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi ya ziwa zima, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, ikiratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, lililoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994. Sensa hiyo huhesabu mialo, wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu na ndoano. Kazi ya pili ni ya sampuli: kwenye mialo michache iliyochaguliwa, mwandikaji husubiri mitumbwi irudi, hupima, huandika. Wastani wa mtumbwi mmoja kwa siku hutoka kwenye sampuli, idadi ya mitumbwi hutoka kwenye sensa. Zidisha, halafu zidisha tena kwa siku za kuvua, tani hizo hapo. Kati ya maji na hotuba, basi, yapo majedwali mawili ambayo mtu fulani ameyaunganisha akiwa mbele ya kompyuta, na namna alivyoyaunganisha haisomwi jukwaani.

Mjadala unaofuata, kuhusu kuunganisha huko, nimeuweka Goziba, kata ya visiwani ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu pale kila ugumu wa kazi hiyo upo wazi. Wavuvi wametoka kila upande wa ziwa: Wahaya, Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Wakara. Mtumbwi uliouhesabu leo, mwezi ujao umehamia kisiwa kingine. Dagaa hupita mikono mingi kabla ya kufika Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wasemaji nimewabuni, nami nimewaachia vyeo vyao tu: Mtakwimu, kijana aliyevuka kutoka Bukoba na laptopu yake, Katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho mwaloni hakuna anayekiita vingine ila BMU, Afisa Uvuvi, Tajiri, yaani mwenye mitumbwi, na Mama Mkaushaji, anayenunua dagaa mtumbwini na kuwaanika. Ni siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka kuliko taa hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi imepandishwa na watu wana nafasi ya kubishana.

MTAKWIMU: Shikamooni wazee wangu.

KATIBU: Marahaba, mwanangu. Umefika salama?

MTAKWIMU: Salama, mzee. Nina mafaili manne. Daftari lako la mwalo, ambalo vijana walilichapa kwenye Excel. Sensa ya mitumbwi. Stakabadhi za ushuru kutoka mashine ya POS. Na orodha ya leseni. Nataka nitengeneze jedwali moja kubwa: mstari mmoja, mtumbwi mmoja, usiku mmoja, na taarifa zake zote pembeni. Mama Afisa akitaka lolote kwa ajili ya ripoti ya wilaya, analiona palepale.

AFISA: Nami nalihitaji hivyo hivyo. Kikaoni sina muda wa kufungua mafaili manne.

KATIBU: Mimi nina madaftari tofauti kwa sababu mambo ni tofauti. La mitumbwi ni la mitumbwi. La mashusho ya dagaa ni la mashusho. Ukiyashona pamoja utapata nini?

MTAKWIMU: Ngoja nikueleze yaliyonikuta kabla hata ya kuyashona, kwenye kuyapakia tu. Nilitumia Qlik, programu iliyoanzia Lund, Sweden, mwaka 1993. Yenyewe haisubiri kuambiwa. Ukipakia faili la Januari, halafu la Februari, na safu zote zina majina yale yale, inalibandika la pili chini ya la kwanza, yanakuwa jedwali moja. Lakini majedwali yakichangia safu moja tu yenye jina moja, hayabandikwi: kila moja linabaki lilivyo, na safu ile inakuwa ufunguo wa kuyafunga.

KATIBU: Yakichangia safu tano, ya sita ikatofautiana?

MTAKWIMU: Hapo ndipo daftari lako liliponitesa. Januari safu ya mwisho imeandikwa "Kilo". Februari imeandikwa "Uzito".

KATIBU: Februari nilikuwa msibani Kamachumu. Aliandika kijana mwingine.

MTAKWIMU: Kwangu mimi ni kitu kimoja. Kwa programu ni majedwali mawili yanayochangia tarehe, mwalo, namba ya mtumbwi, chombo na zana. Ikatunga ufunguo wa bandia kwa kuzishika safu zote tano kwa mpigo. Tarehe za Januari na za Februari hazikutani, kwa hiyo hakuna mstari uliopata mwenzake. Nikaomba jumla ya kilo za miezi miwili, nikapewa ya Januari peke yake. Hakukuwa na alama nyekundu wala ujumbe wa kosa.

AFISA: Si ungeilazimisha ibandike?

MTAKWIMU: Ipo amri ya kulazimisha. Ila ukiitumia bila kurekebisha jina unapata safu mbili za uzito, moja tupu mwezi huu, nyingine tupu mwezi ule. Dawa ni kubadilisha kichwa cha Februari kiwe "Kilo" kabla ya kupakia. Nimeshabadilisha.

MAMA MKAUSHAJI: Umebadilisha bila kuuliza, mwanangu?

MTAKWIMU: Niulize nini, mama? Uzito ni kilo.

MAMA MKAUSHAJI: Yule kijana wa Februari hakuwa akienda mtumbwini asubuhi. Alikuwa anakuja chanjani kwangu jioni, ananiuliza nimefunga magunia mangapi na yana uzito gani. Uzito wake ni wa dagaa wakavu. Kilo za Katibu ni za wabichi, kwa ndoo, maji yakiwa bado yanachuruzika.

Kimya kilichofuata nisingekikatiza kama mambo yaliyomo yasingekuwa mazito. Robo tatu hivi ya dagaa aliyetoka majini ni maji. Ukimwanika juani akakauka vizuri, kilo tatu na nusu au nne za wabichi hubakisha kilo moja. Kwa kubadilisha kichwa kimoja cha safu, kijana wetu alikuwa ameishusha Februari ya Goziba hadi chini ya theluthi ya ukubwa wake, na mchoro wowote ungeonyesha samaki wametoweka ghafla. Vitabu vya fani hii huita kazi ile usafishaji wa data. Kichwa tofauti cha safu ndicho kilichokuwa dalili pekee kwamba kitu kimebadilika mwaloni, naye alikuwa ameipangusa. Programu ilipokataa kuyabandika majedwali yale ilikuwa sahihi, ingawa haikujua kwa nini.

MTAKWIMU: Basi narudisha "Uzito", naongeza safu ya hali: mbichi au mkavu. Nitazidisha baadaye, tena kwa kipimo cha mama, si cha kitabuni.

MAMA MKAUSHAJI: Na mvua uiweke. Masika dagaa hawakauki, wengine wananioza. Hao hawamo kwenye gunia la mtu yeyote.

TAJIRI: Mimi nina swali dogo. Bwana mdogo, nimeona chati yako pale kwenye laptopu. Mitumbwi yangu yote imerudi saa saba usiku?

MTAKWIMU: Ndivyo daftari linavyosema.

TAJIRI: Mtumbwi wangu ukirudi saa saba usiku, giza lote lipo na taa zinawaka, nahodha huyo namfukuza asubuhi hiyo hiyo.

KATIBU: Nimeandika saa 1.

MTAKWIMU: Saa 1. Vijana wamechapa 01:00. Kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 01:00 ni saa saba usiku. Ilipaswa kuwa 07:00.

TAJIRI: Nawe ni mtu wa Bukoba, saa zako si ndizo hizi zetu?

MTAKWIMU: Ndizo, kaka. Nikikaa mbele ya mashine nazisahau.

KATIBU: Saa ni rahisi, unaongeza sita. Tarehe je? Mitumbwi inatoka saa kumi na mbili jioni Jumatatu, inarudi Jumanne asubuhi. Mimi naandika Jumanne, kwa sababu ndipo ninapopima. Mashine ya ushuru inaandika siku aliyolipa mchuuzi, labda Alhamisi. Utavifunga kwa tarehe ipi?

MTAKWIMU: Nilitaka kuvifunga vyote kwa tarehe, pamoja na jedwali la mwezi. Nimetafuta kalenda inayoonyesha mwezi umefika wapi kila siku, ili tuone dagaa wanavyopungua ukielekea kujaa.

KATIBU: Kalenda hiyo nayo inabadilisha siku saa sita usiku. Ukifunga Jumanne yangu na Jumanne yake, umefunga dagaa wa usiku uliopita na mwezi wa usiku unaokuja.

MTAKWIMU: Tofauti ya siku moja, mzee. Itaumiza kweli?

KATIBU: Katikati ya giza haiumizi. Mwezi ukikaribia kujaa inaumiza, kwa sababu pale ndipo tajiri anapoamua kushusha mtumbwi au kutoushusha. Usiku mmoja ndio unaotenganisha ndoo thelathini na ndoo tano.

AFISA: Kuna na kubwa zaidi. Kwenye ukadiriaji tunamuuliza mvuvi, wiki hii umevua siku ngapi? Mwandikaji akipita wiki ya giza anajibiwa saba. Akipita wiki ya mbalamwezi anajibiwa moja, au hapana hata moja. Ukiipa wiki hiyo moja mwezi mzima, umewavulisha watu usiku ambao walikuwa wanacheza bao.

Walikubaliana hapo kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Daftari halitaguswa. Itaongezwa safu moja inayoitwa "usiku wa kuamkia", yenye tarehe ya asubuhi ya kushusha, na jedwali la mwezi ndilo litakalosogezwa siku moja ili lilingane nayo. Stakabadhi za POS hazitafungwa kwa tarehe kabisa, maana mchuuzi hulipia magunia ya usiku kadhaa kwa pamoja. Zitajumlishwa kwa giza zima, yaani kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine. Wapo watakaoona kuwa hilo si safi. Mimi naona ndicho kipimo pekee ambacho daftari na mashine vinaweza kukutana bila kudanganyana.

MTAKWIMU: Majina sasa. Kuna Bumbire na kuna Bumbile. Sensa inaandika hivi, POS vile.

KATIBU: Ni kisiwa kimoja. Yule msafiri Stanley alipopita hapa mwaka 1875 akapigana na wenyeji, aliandika Bumbireh, akamalizia na herufi yake mwenyewe. Kila mgeni anakuja na tahajia yake.

MTAKWIMU: Zipo programu zinazopima majina yanayokaribiana na kuyaunganisha zenyewe. Nikizipa ruhusa ya kusamehe herufi moja, Bumbire na Bumbile wanakuwa kitu kimoja, tumemaliza.

KATIBU: Na Kerebe?

MTAKWIMU: Kerebe imekosewa nini?

KATIBU: Haijakosewa. Kerebe ni kisiwa chetu, kata ya Muleba hii hii. Kerewe ni wenzetu wa Ukerewe, mkoa wa Mwanza. Zimepishana herufi moja. Mashine yako inayosamehe herufi moja itahamisha kisiwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, na mitumbwi yake yote ndani.

MTAKWIMU: Basi tutumie namba za mialo. Kila mwalo namba yake, na orodha ya tahajia zake zote pembeni, uliyoipitia wewe mwenyewe kwa mkono.

Sasa tunafika penye ubishi wenyewe. Hadi hapa walikuwa wanarekebisha. Kuanzia hapa wanapingana.

TAJIRI: Mitumbwi isiyo na namba unaiwekaje?

MTAKWIMU: Ipo mingi?

TAJIRI: Ipo iliyofutika rangi, ipo mipya, ipo ya wageni waliofika giza hili. Na ipo ambayo mwenyewe hataki iwe na namba.

MTAKWIMU: Inategemea programu. Lugha ya SQL, ambayo hifadhidata nyingi duniani zinaizungumza, inakataa kata kata: kitupu si sawa na kitupu, kwa hiyo mitumbwi isiyo na namba haifungwi na chochote. R, ukitumia vifurushi ambavyo wengi wetu tunavitumia, inafanya kinyume: kitupu na kitupu ni ndugu. Pandas, zana nyingine ya kazi hii, nayo ni hivyo hivyo. Tuseme kwenye orodha kuna mitumbwi kumi na miwili isiyo na namba, na kwenye daftari kuna mashusho thelathini yasiyo na namba. Kila mtumbwi utashikamana na kila shusho. Kumi na mbili mara thelathini, mistari mia tatu na sitini.

MAMA MKAUSHAJI: Dagaa wa mia tatu na sitini nitawaanika wapi?

KATIBU: Na ile SQL inayokataa?

MTAKWIMU: Kwa SQL inategemea umeomba muungano wa namna gani. Ukiomba waliopatana tu, mashusho thelathini yanatoweka. Ukiliweka daftari kushoto na kuomba upande huo ubaki wote, yanabaki, ila maelezo ya mtumbwi yanakuwa matupu. Na angalieni: R ya kawaida na pandas, usipotaja lolote, zinakupa waliopatana tu.

KATIBU: Nani aliamua hivyo?

MTAKWIMU: Waliozitengeneza. Ndilo chaguo la msingi.

KATIBU: Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kufika Goziba ameamua kwamba mtumbwi usio na namba haukuvua.

AFISA: Mzee, na sheria je? Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 inataka chombo kisajiliwe. Usiosajiliwa kwangu ni kosa, si takwimu.

KATIBU: Ni kosa, sikatai. Lakini dagaa wake wametoka ziwani. Ziwa limepungukiwa hao hao.

Nipo na Katibu katika hili, wala sijifichi. Afisa ana haki ya kumtafuta mwenye mtumbwi. Hana haki ya kumtoa samaki kwenye hesabu. Na anayemtoa kwa kawaida si Afisa. Ni amri moja fupi aliyoiandika mtu akiwa na haraka. Chukueni mfano wa kitarakimu, wa kubuni kwa ajili ya kuelewesha tu. Wastani ni kilo 200 kwa mtumbwi kwa usiku, mitumbwi ni 150, usiku wa kuvua ni 18: tani 540. Kwenye sensa 40 kati ya hiyo imeandikwa "mashine", kwenye sampuli aina hiyo hiyo imeandikwa "injini". Ukiunganisha kwa aina ya chombo na kubakiza waliopatana tu, mitumbwi inabaki 110 na tani zinakuwa 396. Tani 144 zimezama kwa sababu ya neno moja, na jedwali lililobaki linaonekana safi kabisa, halina hata pengo la kukushtua.

AFISA: Wakubwa pia yamewakuta. Oktoba 2020 Uingereza, wagonjwa wa korona karibu elfu kumi na sita hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati. Mafaili yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, ambao mistari yake inaishia 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje.

TAJIRI: Hakuna aliyeona?

AFISA: Walikuja kuona. Wakati huo watu waliokaa karibu na wagonjwa hao walikuwa hawajatafutwa.

MTAKWIMU: Sawa, nikubali kwamba waliokosa wenzao wasitupwe. Bado nataka jedwali langu moja. Nitabakiza wote.

KATIBU: Niambie basi. Mtumbwi wa Tajiri una taa ngapi kwenye orodha?

MTAKWIMU: Sita.

KATIBU: Giza hili umeshusha mara kumi na nane. Kwenye jedwali lako moja, hizo sita zimeandikwa mara ngapi?

MTAKWIMU: Kumi na nane.

KATIBU: Mama Afisa akikuuliza Goziba ina taa ngapi, ukajumlisha safu?

MTAKWIMU: Mia na nane.

TAJIRI: Kama ninazo mia na nane, mbona nakopa betri?

MTAKWIMU: Nimeelewa, mzee. Taa ni mali ya mtumbwi, kilo ni mali ya usiku. Edgar Codd, yule Mwingereza aliyekuwa IBM Marekani, alishalisema hilo mwaka 1970: kila kitu kikae kwenye jedwali lake, vifungwe kwa thamani vinazochangia. Nimelisoma chuoni. Kisha nikapewa Power BI, programu ya kuchora ripoti, na watu wanaotaka kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Lakini na mimi nina swali kwako. Ukiyaacha mbalimbali, siku ukiuliza kama mitumbwi yenye taa za sola inashusha zaidi kuliko iliyobaki na karabai, lazima taa na kilo zikutane. Huwezi kukwepa kuunganisha. Unaahirisha tu.

KATIBU: Naahirisha hadi swali liwepo. Swali ndilo litakaloniambia upande upi ubaki wote.

MTAKWIMU: Na kila atakayeuliza ataunganisha kwa namna yake. Wewe utapata tani hizi, Afisa tani zile, mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kutoka Mwanza zake. Jedwali langu moja lina ubaya wake, lakini wote tutakosea pamoja na kosa litajulikana lilipo.

Hoja hiyo ni nzito kuliko Katibu alivyotaka kukiri, na hakuijibu moja kwa moja. Alichofanya ni kudai kitu kingine, ambacho nadhani ndicho kiini cha kazi yote hii na hakifundishwi inavyostahili: orodha ya waliokosa. Vifurushi vile vya R vina amri maalumu, anti_join, isiyofanya lolote ila kukutolea mistari ya jedwali moja ambayo haikupata mwenzake kwenye la pili. Pandas inaweza kukuwekea safu inayosema mstari huu umetoka kushoto tu, kulia tu, au pande zote. Power BI yenyewe, ukifunga majedwali bila kuyashona, hukusanya thamani zisizo na mwenyewe kwenye mstari mmoja mtupu, na nimeona watu wengi wakiuficha mstari huo kwa sababu unaharibu chati.

KATIBU: Mstari huo mtupu usiufiche. Nichapie. Kila mwisho wa giza niletee karatasi ya waliokosa, niibandike ubao wa BMU. Aliyebadilisha namba atasema. Aliyehamia kisiwa cha Ikuza tutajua. Nikimaliza kusahihisha, ndipo uzidishe.

AFISA: Kabla ya kuzidisha? Ripoti ina tarehe yake, mzee.

KATIBU: Basi ripoti iandike waliokosa ni wangapi.

AFISA: Hilo naweza. Mstari mmoja chini ya jumla.

TAJIRI: Mimi sijakubali.

AFISA: Hujakubali nini, ndugu yangu?

TAJIRI: Mnazungumzia kubandika ubaoni namba za mitumbwi ambayo haionekani kwenye leseni, au imeshusha kilo nyingi na POS ina stakabadhi chache. Daftari la Katibu tulikubali kuandikiwa kwa sababu tuliambiwa ni kwa ajili ya kujua ziwa lina samaki kiasi gani. Likishafungwa na ushuru, daftari hilo ni la kunidai. Yalipokuwa mbalimbali hayakunidhuru. Kuyaunganisha ndiko kunakonidhuru.

MTAKWIMU: Kaka, kama umelipa ushuru wako una hofu gani?

TAJIRI: Mama hapo amesema mwenyewe, wengine wanaoza. Kilo nilizoshusha hazikulipiwa kwa sababu hazikuuzika. Jedwali lako lina safu ya waliooza?

MTAKWIMU: Halina.

TAJIRI: Basi jedwali lako litasema nimekwepa.

AFISA: Ana hoja ya kisheria pia. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inazilinda taarifa za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lile zilizokusanyiwa. Sampuli ikusanywe kwa ajili ya samaki, kisha itumike kutoza, hapo ni pabaya. Sisemi ushuru usifuatiliwe. Nasema ufuatiliwe kwa vitabu vyake.

MTAKWIMU: Naweza kufunga POS kwa kiwango cha mwalo tu. Jumla ya Goziba kwa jumla ya Goziba. Hakuna mtumbwi mmoja mmoja.

TAJIRI: Na jina la mmiliki lililo kwenye leseni?

MTAKWIMU: Safu ya jina siipakii. Isipopakiwa haiwezi kuvuja kutoka kwangu.

TAJIRI: Na simu?

MTAKWIMU: Na simu siipakii.

TAJIRI: Namba ya mtumbwi je? Hapa Goziba ukisema namba umesema jina.

MTAKWIMU: Naweza kuibadilisha iwe nyingine isiyojulikana. Mtumbwi unabaki mmoja kwenye majedwali yote, ila hakuna anayejua ni wa nani.

KATIBU: Ngoja kwanza. Ukiibadilisha, hiyo karatasi ya waliokosa nitaisomaje? Nitaita nani ubaoni, "mtumbwi nambari mia nne na saba ya bandia, njoo useme umehamia wapi"?

MTAKWIMU: Ama tuifiche nawe usiweze kusahihisha, ama tuiache wazi Tajiri aogope. Vyote viwili kwa pamoja siwezi.

MAMA MKAUSHAJI: Ubaoni isiende kabisa. Katibu awe na daftari la pili, namba ya kweli huku, ya bandia huku, alifungie sandukuni. Karatasi ikija anaisoma peke yake, anamfuata mtu kambini kwake anamuuliza polepole.

AFISA: Hilo linafaa, mradi lisitoke kisiwani.

KATIBU: Nitalitunza.

TAJIRI: Wewe nakuamini, mzee. Uchaguzi wa BMU ukija wakaweka katibu mwingine, sanduku analichukua nani?